Somo

Shaame kavuta kiti, kaniketisha ubavuni mwake,
dukani kwa fotokopi, njia ya Chachani,
feni inazunguka kama inayodaiwa.
"Shangazi," kanambia, "taja jina."
Nikalitaja. Mwaka mzima nilikuwa nalo mdomoni
kama karafuu ya jino bovu:
Kofia Njema.

Kachapa. Kabonyeza. Kanyamaza
kimya cha daktari aliyeona kitu kwenye picha ya mbavu.
"Limechukuliwa."

Na nani?
Tukafungua mlango wa mwenyewe, tumuone.
Hapana kofia. Hapana uzi. Hapana hata kichwa cha kuvalia.
Ukuta mweupe na maneno mawili: Jina linauzwa.
Dola elfu mbili na mia tano.

Nikapiga hesabu kwa kipimo changu mimi:
kofia moja ya vitobo, miezi mitatu na nuru ya macho,
basi hizo ni kofia ngapi, ni miwani mingapi?
Mtu asiyejua kutia uzi kwenye sindano
kapiga vigingi vinne kuzunguka neno, kaenda kulala.
Hata wa Machomanne anayengoja kiwanja kipande bei
hupanda mhogo.

"Tuongeze kitu," kasema Shaame.
Kofia Njema Pemba: lina mtu.
Kofia, kistari, Njema: lipo,
lakini atakayesahau kistari atamwangukia yule wa dola.
Kofia Njema Mbili.
Hapo nikakataa. Mimi si mke wa pili
wa jina nililoliota mwenyewe.

"Na mwisho, baada ya nukta, tuweke Tanzania au dunia?"
Nikamuuliza, wa Pemba haupo?
Kacheka. Haupo.

Mtaani kwetu Wawi pana Kombo saba:
Kombo Baiskeli, Kombo Mrefu, Kombo wa Bi Sichana,
Kombo Chizi ambaye ana akili kuwashinda wote,
na wengine watatu nawatambua kwa kikohozi.
Akizaliwa wa nane, hapana anayemwambia baba yake
samahani, limechukuliwa.
Wataitana somo,
na siku ya Idi watashikana mikono kwa furaha
ya mtu kujiita na kujiitikia.
Jina kwetu ni njia ya mguu, hupanuka kwa kupitwa.
Humu ndani, mwanangu, naona jina ni mswaki.

Basi tumekaa, Shaame anajikuna kidevu,
akaingia mtoto, vumbi la Vitongoji hadi magotini,
akamwendea msichana wa mashine:
"Nimetumwa kofia ya baba. Nimeambiwa niulize kwa Bi Mize."
Msichana hata hakuinua uso. "Kwa Bi Mize? Si huyo hapo."

Vidole vya Shaame vilishaondoka.
Kwabimize. Maneno matatu yamebanwa,
hayana pa kuvuta pumzi.
Kabonyeza.
Kanitazama.
"Liko wazi, shangazi. Dunia nzima hapana aliyelitaka."

Miaka thelathini nauza, nikidhani biashara yangu haina jina.
Kumbe nilishapewa zamani,
njiani, na watu wanaoelekezana,
bila risiti.

Nikatoa elfu thelathini.
"Na mwakani?"
"Mwakani tunalipa tena."
Ala! Hata hili la kwangu nimepanga.

Usiku nikazihesabu herufi: tisa.
Nikazitoboa ndani ya ukingo wa kofia ya yule wa Vitongoji,
pasipoonekana, penye jasho.
Mwenye Kofia Njema nimemwachia lake, alale nalo.
Siku akitaka kofia
atashuka, ataulizia,
na mtoto yeyote atamwonyesha kwa kidole.